Mwongozo, Shangazi na Kiatu cha Kushoto

Jumatano, 6 Agosti

Kesho nasafiri! Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu kwenye karatasi ya majaribio kabla ya kuileta humu, ili wino usivuje. Umevuja hata hivyo.

Maelezo kwa atakayeisoma shajara hii nikishakuwa mtu mashuhuri. Shangazi, dada yake Baba, ni mhudumu wa ndege. Mwaka wa kumi na mbili sasa anaruka kwenda mji uleule. Wakishafika, yeye na wenzake hulala huko siku tatu wakingoja ndege ya kurudi, kisha anakuja kwetu na kutusimulia. Mimi nimekua kwa hadithi za mji huo kama wenzangu walivyokua kwa uji. Kila mwaka shirika humruhusu kumchukua ndugu mmoja kwa tiketi ya kusubiri, yaani unapanda ikiwa kiti kimebaki. Kisipobaki, unarudi nyumbani na begi lako. Mwaka huu ndugu huyo ni mimi!

Mwakani, kwa haki ya zamu, ni mdogo wangu wa kike. Ana miaka tisa na tunamwita Spika kwa sababu ya sauti. Hapo ndipo penye shughuli. Azma yangu: kumwongoza Shangazi mjini kwa umahiri mkubwa kiasi kwamba mwakani hatamkumbuka Spika hata kwa bahati mbaya.

Silaha: Mwongozo. Nimeuandika mwenyewe kwa wiki tano kutoka kwenye kitabu kisicho na jalada cha maktaba ya shule. Kurasa arobaini na tatu. Vivutio thelathini na moja. Kila kivutio na dakika zake. Ramani nne za rangi. Faida yake kubwa ni kwamba mwenye nao hahitaji kumuuliza mtu yeyote njia. Kwangu mimi, kumuuliza mtu nisiyemjua ni sawa na kumeza kijiko.

Spika aliupekua akauliza choo kiko ukurasa wa ngapi. Utoto.

(Sasa ni kurasa arobaini na nne.)

Mama amenikabidhi viatu vyangu vya shule vikiwa vinang'aa. Ndivyo pekee vinavyoweza kusimama mbele za watu. Akasema shule inafunguliwa Jumatatu, na vikirudi na mkwaruzo nisimtazame yeye. Baba naye amenionya nisimchoshe dada yake, kwa kuwa huko anakwenda kazini, si kutembea. Nimemtoa wasiwasi. Mapumziko yamo kwenye ratiba. Dakika kumi na tano kila siku.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata kiti! Cha mwisho kabisa, ubavuni mwa choo. Kila aliyekuja aliniuliza kama mlango uko wazi. Nilijibu abiria kumi na sita. Kufika wa kumi nilikuwa nimeizoea kazi.

Shangazi akivaa sare ni mtu mwingine. Mgongo umenyooka, skafu shingoni, tabasamu la kupimwa kwa rula. Alipita na kigari cha vinywaji akaniuliza bwana angependa chai au kahawa. Nikasema chai, mheshimiwa. Ndipo akainama kama anayeokota kitu akaninong'oneza, "Mkate wote uishe, Baba. Umekonda."

Ananiita Baba kwa sababu nina jina la marehemu baba yake. Kwetu hakuna anayeshangaa. Jirani yangu wa kiti alinitazama mimi, akamtazama yeye, akalifungua gazeti lake upya kutoka mwanzo. Hotelini ikawa vilevile. Karani wa mapokezi aliuliza huyu kijana ni nani wako, na Shangazi, kwa uchovu, akasema ni baba yake. Karani akaandika. Nimeiona fomu. Nina miaka kumi na sita na nina binti wa miaka arobaini na moja.

Nina pia mpinzani. Ni mhudumu kijana wanayemwita Kola, kwa kuwa kola ya shati lake imepigwa pasi ikawa ngumu kama ubao, akitaka kutazama pembeni lazima ageuke mwili mzima. Amefanya kazi na Shangazi miaka miwili, anamwita Dada, anajua kila anachopenda. Kwenye gari la kutoka uwanjani alisema karibu na hoteli kuna duka la mkate wa moto. Nikamwarifu kwamba halimo kwenye Mwongozo. Akauliza kama Mwongozo nao umewahi kusikia njaa. Shangazi akacheka. Vita vimetangazwa.

Chumba kina vitanda viwili. Shangazi alivua viatu, akachukua henga mbili zenye vibanio vya suruali na kulibana pazia katikati, mwanga ukakatika kabisa. Ujuzi wa miaka kumi na miwili! Kisha akalala. Saa kumi alasiri! Kivutio cha leo kilikuwa Makumbusho, dakika tisini. Nimekaa bafuni na kukifuta kwenye ratiba. Tumeshachelewa na hata chumbani hatujatoka.

Kabla hajafumba macho alisema kesho tupite kwa fundi wake wa viatu. Ana jozi ya viatu vya kazi huko. Kumbe ana desturi: kila akija anaacha jozi moja kwa fundi, na kuichukua ile aliyoiacha safari iliyopita. Hivyo jozi moja inaishi huku daima. Akasema mji ukiwa na kiatu chako unajua kwamba utarudi.

Nimetafuta. Fundi viatu hayumo kati ya thelathini na moja.

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi Shangazi alitangulia, akanionyesha mji wake.

Ni mitaa minane! Nimeihesabu. Kuna dobi anayemtunzia blauzi ya akiba. Kuna duka linalouza vifungo tu. Kuna benchi mbele ya maktaba, upande wa kushoto, kwa sababu wa kulia una msumari. Kuna fundi saa ambaye badala ya salamu humuuliza huko juu ni saa ngapi. Wote walitaka kujua mimi ni wa nani. Wote wakaambiwa ni baba yake. Dobi akanipa shikamoo. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikauliza daraja kubwa liko upande gani. Hajui. Mnara wa saa je? Huuona kutoka angani wakati wa kutua, hajawahi kuufikia. Miaka kumi na miwili! Akanieleza bila haya yoyote. Mhudumu akiwa mapumzikoni simu inaweza kulia wakati wowote, ratiba imebadilika, gari linakuja. Kwa hiyo haendi popote asipoweza kurudi kwa miguu bila kukimbia.

"Mbuzi hula urefu wa kamba yake, Baba," akasema. "Na mimi nimeshiba."

Maskini! Nilimhurumia sana. Hapohapo nikaamua kuikata kamba.

Tulikuwa tumebakiza kona mbili tufike kwa fundi viatu. Alikuwa ameshanionyesha kibao chake kwa mbali, buti jekundu la bati, na kunisimulia habari zake: ni mama wa makamo, kila mtu humwita Mama Soli, hajawahi kumaliza kazi siku aliyoahidi na hajawahi kuiharibu. Nikafungua Mwongozo ukurasa wa tatu nikasema Makumbusho ni dakika ishirini tu kutoka hapa. Shangazi aliitazama kona. Akaitazama ramani, hasa mto, ambao nimeupaka rangi mbili za buluu. Akasema haya, fundi yupo tu.

Makumbusho ni duka la magodoro.

Muuzaji alikuwa mpole. Alisema Makumbusho yalihamishwa kabla yeye hajazaliwa. Nikajificha nyuma ya mito na kuutafuta mwaka wa kuchapishwa kwa kile kitabu, ambao nilikuwa nimeunakili kwa uaminifu bila kuufikiria. Kitabu kimemzidi Shangazi umri. Sijamwambia.

Nilipotoka nyuma ya mito nilimkuta ameketi kwenye godoro la maonyesho. Dakika moja baadaye alikuwa amelala, mikono kifuani, viatu vimepangwa sambamba chini. Nilitaka kumwamsha. Muuzaji akanizuia, akasema usingizi wa namna hiyo hajauona tangu afungue duka. Watu wawili waliingia, wakasimama wakamtazama kwa heshima, wakaondoka na godoro la aina ile. Baada ya dakika arobaini aliamka mwenyewe akiomba radhi. Muuzaji akamuuliza kama kesho ana nafasi.

Kufidia muda: chemchemi ya ukurasa wa saba (imekauka) na sanamu ya mpanda farasi ya ukurasa wa nane (farasi ameondolewa, mpandaji amebaki, ameketi hewani). Tuliporudi, lango la Mama Soli lilikuwa limeteremshwa. Hufunga saa kumi na moja. Shangazi akasema hakuna neno, kesho.

Kola alituletea mkate wa moto chumbani. Nimekula vipande vinne, kwa ajili ya amani.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa bafu. Ni saa mbili usiku, Shangazi ameshalala kwa sababu ya safari ya kesho. Leo nitaandika kwa utaratibu, maana mambo ni mazito.

Asubuhi Shangazi alisema tuanze kwa Mama Soli. Nikasema tuanze na Mnara wa Saa, kivutio namba moja, kisha tutakuwa na alasiri nzima kwa viatu. Nilikuwa na hesabu zote. Basi namba tisa, dakika kumi na tano. Kwenda, kupanda, kushuka, kurudi, jumla saa mbili na nusu. Kola, ambaye hakuna aliyemwita, alisema basi namba tisa siku hizi haliendi huko. Nikamwambia baadhi yetu tumesoma. Shangazi akasema basi twende, twende, mchana usituishie mlangoni.

Basi namba tisa linakwenda kuoshwa.

Tulikuwa wawili tu ndani, tukadhani ni bahati. Likaingia kwenye yadi, dereva akashuka akaenda zake, brashi mbili kubwa kama mibuyu zikaanza kuzunguka madirishani. Povu kila upande. Nilisimama katikati ya basi nimekumbatia Mwongozo. Shangazi alicheka. Alicheka hadi akashika mbavu, akasema amepita mawingu ya kila aina lakini hili hajapata kuliona. Dereva aliporudi na kutukuta alipiga kelele ya mtu aliyeona jini.

Tukatembea. Tulifika Mnarani saa tisa. Ngazi mia mbili na nane! Shangazi alizipanda zote, akipumzika kila penye dirisha na kusema si kitu. Juu kabisa upepo ulikuwa mwingi na mji wote uko chini, na nilipofungua Mwongozo nimsomee historia yake (kurasa mbili na nusu), alikuwa hasikilizi. Alikuwa anatafuta kitu kwa kidole. Mto, hoteli, paa la maktaba. Kisha kidole kikasimama.

"Ule pale," akasema. "Mji wangu ni ule. Unafunikwa na kiganja."

Akaufunika kwa kiganja kweli, jicho moja amelifumba. Alikaa hivyo muda. Mimi nilitazama saa na kumkumbusha kwamba bado tuna kivutio namba mbili, ambacho ni kaburi la farasi wa yule mpanda farasi. Dakika kumi na mbili tu.

Hatukulipata kaburi. Tulifika kwenye kibao cha buti jekundu saa kumi na moja na dakika kumi. Lango limeteremshwa. Shangazi aliligusa kufuli kama mtu anavyomgusa mtoto aliyelala. Nikasema kwa moyo mkunjufu kwamba hakuna neno, atavichukua safari ijayo. Alisema tu tule mapema.

Hotelini alifanya lile analolifanya kila usiku wa kuamkia safari. Alichukua pasipoti yangu na yake, akachukua kiatu chake kimoja na changu kimoja, cha kulia, akavifungia vyote ndani ya sefu ya chumbani. Akasema mhudumu anaweza kusahau pasipoti, anaweza kusahau simu, lakini hajazaliwa anayesahau kwamba ana kiatu kimoja. Namba ya sefu anaijua yeye peke yake.

Nilishuka kuchukua maji ya kunywa nikamkuta Kola mapokezini. Akaniuliza, safari hii bila dhihaka, kama Dada amefanikiwa kumuona fundi wake. Nikasema hapana, lakini viatu atavichukua safari ijayo. Akageuka mwili mzima kunitazama.

"Safari ijayo ipi?" akasema. "Hujaambiwa? Njia hii inafungwa. Ndege ya kesho ndiyo ya mwisho."

Akanieleza taratibu. Baada ya hapo shirika haliji tena mji huu, na Shangazi amepangiwa njia nyingine. Ametumia safari mbili zilizopita kuaga watu wote wa mitaa yake, mmoja mmoja. Amembakiza Mama Soli peke yake kwa makusudi, amuage mwisho. Mimi hakutaka niambiwe, nisije nikatembea mji huku nimenuna.

Nimepanda ngazi kwa miguu, lifti niliiona haya.

Siku mbili nimemkokota mtu mbali na kitu kimoja alichokuja kukifanya. Kwa ajili ya godoro! Kwa ajili ya farasi aliyekufa! Na yeye alicheka ndani ya basi.

Nimepiga moyo konde. Nimerudi chini kumuuliza bawabu kama anamjua Mama Soli. Niliuliza kwa maandishi, lakini nimeuliza. Akasema anamjua vizuri, humshonea viatu vya kazi. Anakaa ng'ambo ya daraja, jengo la njano. Gari la wahudumu linakuja saa tatu asubuhi. Shangazi ataamka saa mbili. Mimi nitatoka saa kumi na mbili.

Jumapili, 10 Agosti

Ndani ya ndege. Kiti kilekile cha chooni. Wanaouliza nawajibu kwa kichwa, mkono unaandika.

Niliacha kijikaratasi juu ya mto wangu: Nimetoka, nitarudi kabla ya gari, usiwe na wasiwasi, wako, Baba. Kisha nikakumbuka sefu. Kiatu cha kulia kilikuwa ndani pamoja na pasipoti. Nilijaribu namba tatu, sefu ikalia kama paka, nikaiacha. Nikavaa kiatu changu cha kushoto na sapatu ya hoteli ya kulia, nyeupe, ya kitambaa. Nikatoka.

Kwenye Mwongozo kuna daraja moja. Mtoni kuna madaraja matatu. Nilisimama ukingoni na ramani yangu yenye buluu mbili, nikaigeuza kila upande, na mto haukutaka kufanana nayo. Dakika kumi. Dakika kumi na tano. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, najua, nimeiandikia insha na nikapata alama za juu. Karibu yangu alikuwepo mama anayefagia barabara. Nikamsogelea hatua moja. Nikarudi. Nikamsogelea tena. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya panya.

Hakuhitaji zaidi. Alinitazama miguuni, kiatu na sapatu, akaegemea ufagio.

"Unakwenda kwa Mama Soli," akasema. "Daraja la katikati, jengo la njano, ghorofa ya pili. Pole, mwanangu."

Mama Soli alifungua mlango akiwa na nguo ya kulalia na miwani kichwani. Nilikuwa nimeitunga hotuba njiani, yenye utangulizi na hoja tatu. Nikaisahau yote. Nilisema tu kwamba Shangazi anaondoka leo, harudi tena, na hakuja kwa sababu yangu. Kisha nikaona aibu kwa kulia mbele ya fundi viatu.

Aliuliza kama ni yule ambaye visigino vyake huisha upande wa ndani. Nikasema sijui. Akasema yeye anajua. Alisema pia kwamba jana na juzi amekaa dukani anamngoja, ametengeneza chai mara mbili na kuinywa mwenyewe, na kama mimi ndiye sababu basi leo chai hiyo nitailipa kwa miguu. Akavaa koti juu ya nguo ya kulalia. Tukapita dukani, akafungua kufuli, akatoka na viatu ndani ya mfuko wa karatasi. Hatembei haraka. Anasimama kila baada ya muda kutazama viatu vya wapita njia na kutikisa kichwa. Saa tatu kasoro dakika tano tulikuwa bado tuko kwa muuza vifungo. Sapatu ilikuwa imebaki soli tu.

Mbele ya hoteli gari lilikuwa linaunguruma. Ukumbi wa mapokezi ulikuwa umejaa mashati. Kola alikuwa amefungua sanduku lake sakafuni na kutandaza kila kitu, akisema amepoteza beji yake na hawezi kuondoka bila beji. Rubani alikuwa amesimama mikono kiunoni. Beji niliiona wazi ikiwa katika mfuko wa suruali wa Kola, pini imechomoza. Aliponiona akapiga kelele kwamba ameipata.

Shangazi alikuwa mlangoni, sare kamili, skafu imefungwa, kiatu changu cha kulia mkononi mwake. Uso wake ulikuwa ule wa kuniua. Kisha akamwona aliye nyuma yangu.

Walishikana mikono yote miwili, wakatazamana. Miaka kumi na miwili, na hawajawahi kuonana nje ya lile duka. Hatimaye Mama Soli akasema alidhani ni mrefu zaidi. Shangazi akasema ni kwa sababu siku zote humtazama kutoka chini, kwenye kigoda chake cha kazi. Wakacheka, na kicheko cha Shangazi kikakatika katikati.

Akanyoosha mkono kuchukua mfuko. Mama Soli akauficha mgongoni.

"Hivi bado," akasema.

"Lakini naona vinang'aa, mama yangu."

"Fundi ni mimi au wewe? Nimesema bado. Vikiwa tayari utakuja mwenyewe kuvichukua."

Shangazi, ambaye huwatuliza watu mia moja ndege ikirushwarushwa, alishika skafu akaificha nayo sura. Kola alikunja shati lilelile mara nne. Rubani alitazama saa yake, akatazama juu, akasema kuna upepo mzuri leo, dakika tano zitafidiwa huko mbele.

Mimi nikasikia kitu kinanisukuma. Nikavua kiatu changu cha kushoto, nikampa Mama Soli. Alikigeuza, akakigonga, akanusa, akasema hakina ubovu. Nikamwonyesha mkwaruzo, nimeupata darajani, mdogo kama ukucha. Akavaa miwani. Akasema huo ni mkwaruzo mbaya sana, utachukua muda. Akakitia mfukoni pamoja na vile vya Shangazi.

Uwanjani, kwenye lango la ndege, karani wa shirika alitazama tiketi yangu ya kusubiri, akatazama mguu wangu wa kulia wenye kiatu na wa kushoto wenye soksi, akasema kiti kimebaki kimoja, nipite upesi kabla hajafikiri vizuri.

Shangazi amepita sasa hivi na kigari. Mgongo umenyooka, tabasamu la rula. Akaniuliza bwana angependa chai au kahawa. Nikasema chai. Akamimina, akainama kama anayeokota kitu.

"Umenichosha, Baba," akanong'ona. "Asante."

Kisha akamwendea abiria wa mbele yangu. Chai imejaa hadi juu, siwezi kuandika nikaishika kwa wakati mmoja. Naishia hapa.

Jumatatu, 11 Agosti

Shule. Nimevaa kiatu cha kulia cha ngozi na raba ya kushoto ya michezo, niliyoipaka rangi nyeusi alfajiri. Rangi haikukauka. Nimeacha nyayo hadi darasani, za mguu mmoja, kama jambazi kilema.

Mwalimu wa zamu aliuliza kiatu cha kushoto kiko wapi. Nikasema kiko ng'ambo, kinatengenezwa, na mji ukiwa na kiatu chako unajua kwamba utarudi. Darasa lilianguka kwa kicheko. Adhabu: kufagia maktaba wiki nzima. Mama ameongeza yake: kuvaa hivyohivyo hadi kieleweke. Baba naye nimemsikia akimpigia Shangazi simu, wakacheka muda mrefu mno.

Jana jioni, tuliporudi, Shangazi alitangaza njia yake mpya. Mji mwingine! Hajawahi kulala huko hata siku moja, hana dobi, hana benchi, hana fundi. Alisema safari ya kwanza atazunguka tu nje ya hoteli, polepole, aone kamba inafika wapi. Spika akapayuka kwamba mwakani ni zamu yake. Ni kweli. Lakini nimemweleza kwa upole kwamba mji mgeni unahitaji mtu wa kuwaongoza, na bila mimi watapotea.

Na leo, nikifagia rafu ya nyuma kabisa ya maktaba, nimekiona kitabu kuhusu mji huo mpya! Kinene kuliko kile cha kwanza. Hakina jalada. Ukurasa wenye mwaka wa kuchapishwa umeng'oka, hivyo hakuna haja ya kuwa na wasiwasi. Nimeshafika ukurasa wa kumi na tisa wa Mwongozo mpya. Mpango ni kurasa tisini, vivutio sitini na viwili, ramani tisa. Mafundi viatu wamo safari hii, nimewapa dakika sita.

Spika ameuliza choo. Ukurasa wa kwanza! Mtu hujifunza kutokana na makosa yake. Nimekaa nikayapima yote yaliyotokea, bila kujipendelea, na kosa nimeliona wazi kabisa: Mwongozo wa kwanza ulikuwa mfupi mno.